Habari Ndogo Tu, Zulia Lisinywee

Sebuleni kwa Mama Redio hapakuwa na pa kukaa pasipo na kondoo. Si kondoo mzima, manyoya yake: gunia kwenye kochi, gunia nyuma ya mlango, na jingine limekalia kiti cha baba wa nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Kila jioni wanawake wa mtaa walijazana humo, mikono imezama kwenye mabeseni ya maji moto na povu, midomo ikifanya kazi kuliko mikono. Wenyewe walijiita Kikundi cha Sufu Haitupwi. Mtaa uliwaita Bunge.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alivumilia mpaka siku alipochomoa unyoya kwenye meno mbele ya mteja.

"Mama," alisema jioni ile, bila hata kupaza sauti, "sufu imenifika kooni, na sisemi kwa mafumbo. Siku ya Sufu ikipita, magunia na wenye magunia watoke. Mkipewa kile chumba cha nyuma ya ukumbi, nendeni mkaongee huko mpaka bati ling'oke. Msipopewa, kila mtu kwao."

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Mama Redio alizaliwa kwenye nyumba ya watu wengi, akaolewa kwenye nyumba ya watu wengi, na watoto walipoota mabawa wakaruka, kimya kilianza kumla kama nondo alavyo blanketi. Manyoya aliyaokota dampo kwa huruma, lakini wanawake aliwaokota kwa njaa. Bila wao angebaki kuzungumza na sufuria.

Chumba chenyewe afisa wa maendeleo alikuwa amekiahidi hadharani: kitapewa kikundi kitakachotengeneza, Siku hiyo ya Sufu mbele ya macho ya watu, zulia la kufunika jukwaa lote la ukumbi. Vikundi vingine viliweza kofia na soli za viatu. Zulia waliliweza wao tu. Kazi ilibaki kwenda kuchukua ufunguo.

Sufu ya namna ile haifumwi wala haishonwi. Unaitandaza tabaka juu ya tabaka, unaimwagia maji moto yenye sabuni, unaiviringisha ndani ya mkeka, kisha mnapiga magoti mkiusukuma mkeka mbele na nyuma hadi nyuzi zishikane kama ndugu kwenye urithi. Ukisukuma kidogo, inachanika. Ukizidisha, inanywea na kukakamaa. Watu wengine hupima kwa saa. Bunge lilipima kwa umbea. Habari ya kochi jipya la jirani ilitosha kitambaa cha kushikia sufuria. Uchumba uliovunjika, huo mkoba. Zulia lilitaka harusi nzima, na ugomvi wa mashemeji kidogo.

"Leo habari ndogo tu," Mama Redio aliwaonya asubuhi ya siku yenyewe, akiwatazama mmoja mmoja. "Harusi ruksa. Ubatizo ruksa. Sitaki kusikia fumanizi wala talaka. Tumetandaza kubwa kupita jukwaa, likinywea kiasi chake linakaa sawasawa. Wifi, nakuangalia wewe."

"Mimi?" alisema wifi yake, dada wa fundi, mwanamke ambaye siri ikimwingia lazima itafute mlango wa kutokea. "Mimi leo bubu."

Ukumbi ulikuwa umependeza. Bango limetanda ukuta mzima: SUFU YETU, FAHARI YETU, TUSITUPE HATA UZI. Chini ya bango kulipangwa sufu nyeupe pe, laini kama maneno ya mchumba, imetoka ng'ambo ndani ya mifuko ya plastiki. Ile ya kondoo wa hapo hapo ilikutwa inanuka kondoo, ikarundikwa nyuma ya vyoo mgeni rasmi asije akaiona. Kondoo wenyewe hawakualikwa. Bunge pekee ndilo lililokuja na magunia yake ya kienyeji, na meza ya kamati ilisogezwa mbali nao, upande usio na upepo.

Sabuni ilitoka kwa Mama Sabuni, mjane anayepika sabuni ya vipande kwake mwisho wa mtaa. Alikuwa kwenye meza yake pembeni, peke yake, akipanga vipande vilivyokwisha pangwa.

Mkeka ulisukumwa. Harusi ya binti wa muuza mkaa ikasimuliwa, ikaisha. Shela lake likaisha. Zulia lilikuwa limeshika, bado kidogo tu lifunguliwe, wifi alipojikohoza.

"Si habari kubwa," alisema. "Kuna mume wa mtu kila jioni anaingia pale kwa Mama Sabuni."

Mkeka ulishika kasi.

"Mume wa nani?" Mama Redio aliuliza, naye akiwa wa kwanza kuongeza maji moto.

"Simtaji. Umeshasema habari ndogo."

"Sema nusu basi."

"Anaingia anatazama nyuma. Akitoka, anajifuta mdomo."

"Ehee," walisema wote, na magoti yakasogea. Muuza mboga alitaka kujua anakaa muda gani. Mshona nguo alitaka kujua kama amenenepa. Mama Redio alikuwa anasukuma kwa kifua kizima, jasho na povu havijulikani kipi ni kipi.

"Wanaume hawa," alisema. "Na mkewe mjinga yuko wapi?"

Wifi alitazama povu.

"Ana alama gani huyo mume?" Mama Redio hakuchoka kuuliza.

"Hubeba kofia ya chuma kwapani," wifi alisema polepole. "Ile ya kuchomelea."

Wote waliachia mkeka isipokuwa mmoja. Mama Redio aliusukuma peke yake, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na hakuna aliyethubutu kumwambia mama basi. Alipoufungua, zulia lilikuwa nene kama godoro na gumu kama mlango. Wakalipandisha jukwaani. Likakaa katikati kama kiraka kwenye makalio ya suruali.

Afisa alilizunguka mara moja. Akakisifu kikundi kwa moyo, akasema moyo haufuniki jukwaa, na kwamba chumba kile sasa kitahifadhi viti vya plastiki, pamoja na bango, ili lisipotee bure. Watu wakapiga makofi. Nyuma ya vyoo, gari la taka lilikuwa linapakia fahari yetu.

Mama Redio alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya sabuni. Bunge likamfuata kwa nyuma, masikio mbele.

"Mume wangu anafuata nini kwako?"

Mama Sabuni hakushtuka. "Chai, mama. Anasema kwako anakunywa kondoo. Akija anatazama kikombe, anasema, ona, safi, anakunywa, anakwenda zake. Hata kunisemesha hanisemeshi. Angekuwa na maneno ningeshukuru. Nyumba ile kimya, mpaka nasikia sabuni ikikauka."

Hasira ya Mama Redio ikakosa pa kukaa. Kisha macho yakabadilika.

"Sebule yako ina ukubwa gani?"

"Kubwa. Kwani?"

"Na maji moto unayo siku zote, kwa kazi yako." Aliwageukia wenzake. "Bebeni magunia."

Jioni fundi alikuta nyumba yake imefagiwa, kiti chake kitupu, chai kwenye chupa. Akamimina. Kikombe safi kama kioo. Alikunywa akisikiliza bomba likidondosha maji jikoni. Akasikiliza tena. Mwishowe akachukua kofia yake ya chuma, akatembea mpaka mwisho wa mtaa.

Mlangoni kwa Mama Sabuni viatu vya kike vilirundikana kama sokoni, na pa kufutia miguu palitandikwa lile zulia. Ndani, kicheko kikakatika ghafla.

"Shh," ilisikika sauti ya wifi. "Habari yenyewe ndiyo hiyo inapiga hodi."

"Karibu, baba," alisema mkewe. "Futa miguu. Chai ipo, ila leo ina unyoya."