Namba Tisa Bado Yumo Ndani

Jumanne ya tarehe nne Septemba 2018, saa kumi jioni, mashabiki wawili na nusu walikuwa kwenye uzio wa uwanja wa mazoezi wa chuo kimoja kidogo cha Braamfontein, Johannesburg, wakibishana kuhusu safu ya ushambuliaji. Wawili walikuwa Gaston, fundi cherehani kutoka Bukavu, na Burhani, fundi simu kutoka Tanga. Nusu alikuwa Égide, Mrundi, mlinzi wa geti, ambaye alishabikia akiwa kazini.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kusoma chuo hicho. Lakini namba tisa wa timu alikuwa Hénock, mtoto wa Victorine, msusi wa Joubert Park, na mtoto wa kwenu akishavaa jezi, basi timu ni yako, utake usitake. Timu iliitwa Nyigu. Msimu uliopita Nyigu walicheza mechi kumi na moja wakapata mabao manne, na moja kati ya hayo wapinzani walijifunga wenyewe. Kwa hiyo mazoezi ya majira ya kuchipua hayakuwa jambo la mzaha. Nyasi zilikuwa bado za manjano kwa baridi iliyopita, upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, na kocha alikuwa anapuliza filimbi bila kuridhika.

"Mutu mumoja peke yake pale mbele ni shati ya kifungo kimoja," alisema Gaston. "Miye nasemaka kila siku. Aweke babili."

"Fundi, hapo umechemka," alisema Burhani. "Hata uweke kumi. Mpira haumfikii. Afunge na nini, na dua?"

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa wawili walikuwa wanavutana hivyo tangu Juni. Wakashindwa, wakamwita Égide. Égide alifundisha hesabu miaka kumi na mitatu kule Ngozi kabla ya kuja Johannesburg kufungua na kufunga geti, na wote walimwita Mwalimu.

Kazi yake ilikuwa kitabu. Mwenye kadi ya chuo aligusisha kadi kwenye mashine akapita. Asiye na kadi inayofanya kazi aliandika jina, nambari ya kitambulisho na saa ya kuingia, na akitoka aliandika saa ya kutoka na kuweka saini. Hénock alikuwa na kadi, lakini mashine ilitaka karatasi za mtu ziwe za mwaka mzima, na karatasi yake ya kuomba hifadhi alipewa ya miezi mitatu mitatu, mwaka wa kumi na moja sasa. Mashine haikuwahi kumkubali. Kila siku aliandikwa kitabuni, pamoja na fundi bomba na waliokuja kuua panya.

Zamu ya Égide iliisha saa kumi na mbili jioni. Hapo kila siku alichukua rula yake ya mbao, ile ile ya Ngozi, akapiga mstari chini ya jina la mwisho, akaandika idadi ya waliobaki ndani, kisha maneno mawili: hali shwari. Ukurasa uliofungwa haukuguswa. Haukufutwa, haukupakwa rangi nyeupe, na juu ya mstari hakikuongezwa kitu. Ndiyo sheria ya walinzi, na Égide aliipenda kwa sababu ilikuwa sheria pekee aliyoielewa tangu avuke mpaka.

Siku hiyo alikuwa anawaeleza kwamba ushambuliaji ni pembetatu, kwamba watu watatu wakisimama vizuri kipa habaki na pembe. Akawachorea mavumbini. Wakabisha. Akachukua rula ili awaonyeshe, na kwa kuwa rula ilikuwa mkononi na kitabu mbele yake, akapiga mstari kabisa, robo saa kabla ya wakati. Hénock alikuwa bado anapiga penalti. *Ndani: 1. Hali shwari.* Halafu akaendelea na pembetatu.

Hénock alikuja na begi begani, akatafuta jina lake.

"Mwalimu, umeshafunga."

"Eish," alisema Égide. "Wewe pita tu, kijana wangu. Kesho tutaona."

Hénock akapita getini akajikuta kwenye nukta ya penalti, begi begani. Akarudi, akapita tena. Nukta ya penalti. Mara ya tatu alipita kinyumenyume, ikawa vile vile, ila alifika akiwa ameelekea upande wa pili.

"Kumbe bado yumo ndani," alisema Burhani.

"Ni kitabu kile," alisema Gaston.

Hawakushangaa. Mtu aliyekaa Johannesburg miaka kumi na karatasi za kugongwa mihuri anajua kwamba kilichoandikwa juu yako kinakutangulia, wewe unakifuata kwa nyuma. Wakaaga wakaenda kupanda mabasi. Mlinzi wa usiku akapokea kitabu, akahesabu uwanjani, akapata mtu mmoja, akatia saini. Asubuhi Égide akapokea mtu mmoja, akatia saini.

Kisha akampigia simu msimamizi. Msimamizi alikuja na gari la kampuni, akasoma ukurasa, akamtazama Hénock aliyekuwa amekaa kwenye benchi la akiba, na hakuona kosa. Ndani moja, na ndani kweli alikuwamo mmoja. Kurekebisha ukurasa uliofungwa, alisema, kulikuwa na fomu. Fomu ilitaka nakala ya karatasi ya mhusika, yenye siku zisizopungua thelathini.

Ya Hénock ilikuwa inaisha Ijumaa tarehe ishirini na nane. Zilibaki siku ishirini na tatu.

"Basi akaongeze muda kwanza," alisema msimamizi.

"Atatokaje?"

"Kwa geti," alisema msimamizi, akapanda gari.

Karatasi ile iliongezewa muda Pretoria tu, na mwenyewe awepo na vidole vyake. Ikipita siku bila muhuri, Hénock angefutwa chuoni, ile miaka kumi na moja ya foleni ingekuwa bure, na polisi yeyote angeweza kumpakia kwenye gari na kumpeleka alikotoka, Bukavu, ambako alitoka akiwa na miaka tisa, mgongoni kwa mjomba ambaye hakufika. Victorine aliyajua hayo yote bila kusoma popote. Alikuja jioni ile na bakuli la sombe na fufu, akalipitisha kwenye tundu la uzio, akamtazama mwanawe akila.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na tatu, mama."

"Kula."

Walijaribu. Hénock aliruka uzio na akatua kwenye nukta ya penalti. Gaston alishona mfuko mkubwa wa mipira, wenye mishono miwili, wakamtia ndani na kumbeba hadi nje, wakafungua penye robot, zile taa za barabarani, zikiwa nyekundu. Palikuwa na mipira kumi na sita tu. Mipira ilitoka bila shida, na fufu iliingia bila shida. Shida ilikuwa yeye peke yake.

Huku nyuma safu ya ushambuliaji ikanoga. Lazima isemwe. Mtu anayelala ndani ya boksi la hatari, anayeamkia hapo, anayepiga mswaki hapo, hufika mahali akalijua goli hata akifumba macho. Wiki ya pili Hénock alikuwa anafunga kwa kisigino akiwa ametazama mabasi ya Rea Vaya yakipita. Tarehe ishirini na nne, sikukuu, wakati jiji zima linanuka nyama choma, alifunga mabao mia mbili na sita peke yake dhidi ya mapipa. Kocha alisema tangu aanze kazi hajaona mchezaji mwenye nidhamu ya mazoezi namna hii, akampa blanketi la timu.

Kwenye uzio sasa walikuwa wanasimama watu kumi na tano. Gaston aliacha hoja ya washambuliaji wawili, hadharani, jambo ambalo hajalifanya kwa mkewe.

"Bon, nakubali," alisema. "Mumoja anatosha, kama anakaa."

"Umeona ile ya jana?" alisema Burhani. "Kageuka, kaitazama kona, mpira kauweka kwingine. Yaani acha! Mwezi mmoja zaidi humo ndani, huyu tunamuuza Ulaya."

Victorine alikuwa nyuma yao na bakuli lake.

"Mwezi mumoja?" alisema. "Ninyi munahesabu magoli. Miye nahesabu siku. Zimebaki nne! Munasimama hapa munapiga makofi, mutoto wangu analala njee kama mbuzi, na munapiga makofi! Haya mama zenu baliwazaa kwa nini?"

Watu kumi na tano wakashusha mikono. Gaston alisema, "Utusamehe, Mama Hénock," na alimaanisha. Kisha Hénock akafunga lingine, na mkono wa Burhani ukapiga makofi kabla mwenyewe hajauzuia.

Égide alimfuata Victorine hadi kona ya uzio. Alisimama mbele yake na kofia mkononi.

"Ningechana ule ukurasa siku ya kwanza," alisema. "Niliogopa. Kampuni ndiyo inaniandikia barua ya kazi, na barua ya kazi ndiyo inashikilia karatasi yangu. Niliogopa, mama, sina neno lingine."

"Najua," alisema Victorine. "Ningekuwa weye, ningeogopa pia. Lakini si mutoto wako."

Kesho yake asubuhi Égide aliuchana. Aliukunja mara nne akautafuna, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza jambo, akaumeza na chai. Hénock akapita getini akajikuta kwenye nukta ya penalti. Kitabu kilikuwa na kaboni, na nakala ya bluu ilikuwa imeshapelekwa makao makuu. Égide alipewa barua ya onyo. Ndani: 1.

Alhamisi Victorine alileta mashine yake ya kunyolea. Kama atakwenda Pretoria, alisema, ataenda akiwa mtu. Hénock aliegemeza kichwa kwenye tundu la uzio, naye akamnyoa upande wa kulia, taratibu, na alipoanza wa kushoto mashine ikaisha chaji.

"Nitamalizia kesho," alisema.

Kesho ilikuwa Ijumaa. Victorine aliondoka alfajiri kwenda Pretoria peke yake, na picha ya Hénock, jezi yake ya akiba na ile karatasi. Alisimama kwenye foleni tangu saa kumi na moja asubuhi. Saa tisa alasiri alifika dirishani, na yule wa dirishani, binti mpole tu, akamwambia kwamba jezi haina vidole. Saa kumi jioni dirisha likafungwa.

Saa kumi na dakika moja, Braamfontein, Hénock alikuwa anaukimbiza mpira uliopitiliza. Mpira ukatoka getini, naye akatoka nao. Akajikuta kwenye lami.

Égide alielewa kabla ya wengine, kwa sababu ya hesabu. Kitabu kilikuwa kimefungia ndani mtu mwenye nambari fulani ya karatasi, na nambari ile ilikuwa imekufa dakika moja iliyopita. Mtu wa nambari ile hakuwepo tena mahali popote, kwa hiyo hata uwanjani hakuwepo. Geti halikuwa na sababu ya kumshika.

"Ametoka," alisema Burhani. Hakuna aliyepiga makofi.

Hénock alisimama na mpira kwapani, nusu ya kichwa imenyolewa. Akavuta pumzi. Akatembea hatua arobaini hadi penye robot, na mtu angedhani anakwenda nyumbani. Upande wa pili wa barabara polisi walikuwa wameegesha gari, kama Ijumaa nyingi, wakisimamisha watu na kuuliza karatasi. Taa ikawa ya kijani. Watu wakamzunguka na kuvuka. Ikawa nyekundu, ikawa ya kijani tena.

Akageuka akarudi.

"Niandike, Mwalimu," alisema.

Égide akafungua ukurasa mpya. Akaandika jina. Akaandika saa.

"Nambari ya kitambulisho?"

"Sina tena."

Égide alifikiri kidogo, akatazama jezi, akaandika 9. Kitabu kilikubali. Hénock akaingia.

"Sasa piga mstari."

"Kijana wangu, hata saa kumi na moja bado."

"Najua. Piga, Mwalimu. Nakuomba."

Égide, ambaye mstari wake haukuwahi kupinda tangu Ngozi, ilibidi aikandamize rula kwa kiwiko. *Ndani: 1. Hali shwari.* Hénock alikwenda hadi getini kujaribu, akajikuta kwenye nukta ya penalti, akaketi hapo hapo chini, akavua kiatu kimoja akakung'uta mchanga.

Gaston alikohoa.

"Mechi ya kesho," alisema, "inachezewa wapi?"

"Pretoria," alisema Burhani.

"Basi mbele abaki nani?"

Wakalifikiria. Burhani alisema yule namba kumi na saba ana mbio lakini hana akili. Gaston alisema, bon, kama ni hivyo, warudishe babili. Burhani alisema hapo sasa, tusianze upya. Wakaanza upya.

Victorine alifika saa kumi na mbili kasoro, na vumbi la Pretoria kwenye viatu. Alisimama penye meza ya geti akausoma ukurasa, jina, saa, ile 9, mstari. Alikaa nao muda mrefu kuliko unavyohitaji mstari mmoja. Égide aliinuka kumpa kiti, hakukikalia. Akaenda kwenye uzio, akatoa mashine ya kunyolea aliyokuwa ameichaji usiku.

"Sogea," alimwambia mwanawe. "Geuza kichwa. Bado huu wa kushoto."