Komeo la Pembe la Redio ya Amkeni

Antipasi hakuwa na bisibisi. Hakuwa na koleo, wala tupa, wala msumari ulionyooka. Hakuwa na meza ya kufanyia kazi. Alifanyia kwenye paja, na paja lenyewe lilikuwa na makovu. Hakuwa na elimu ya shule, maana utotoni mwake ng'ombe wa baba yake hawakumpa ruhusa. Tena hakuwa na jino moja la mbele. Hilo alikuwa nalo mpaka mwezi wa Juni mwaka wa sabini na nne, alipolitumia kufungulia mfuniko wa betri.

Alichokuwa nacho ni cheo. Katika Kijiji cha Ujamaa cha Amkeni, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Ilongero, Antipasi alikuwa Mtunza Redio. Alichaguliwa kwa mikono kunyooshwa, na katika miaka yake hamsini na miwili hakuna cheo kingine kilichowahi kumpata. Vijana walipomwambia, "Shikamoo, Mtunza Redio," aliitika marahaba polepole, kama mtu anayetafuna nyama nzuri na hataki iishe.

Redio yenyewe iliitwa Kipanga. Ilikuwa mali ya wilaya, imeletwa kijijini kwa masomo ya watu wazima yaliyotangazwa kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri. Ilikula betri nne kubwa. Walioiunda huko kiwandani walidhani mtu atatia betri, atasikiliza miezi mitatu, kisha atafungua atie nyingine. Kwa hiyo mfuniko wa mgongoni waliushikisha kwa ulimi mdogo wa plastiki, mkaidi kama punda aliyefika mtoni.

Hawakujua habari za Amkeni. Amkeni betri zilifika mara moja kwa msimu, na betri ikianza kuchoka haikutupwa, ilianikwa. Kila asubuhi Antipasi alizitoa zote nne, akazipanga juu ya jabali nyuma ya ofisi ya kijiji, akakaa kando na fimbo ya kufukuzia mbuzi mpaka jua lizirudishie nguvu. Alasiri alizirudisha zikiwa za moto kama viazi vilivyotoka jivuni. Mfuniko ambao kiwandani ulipangiwa kufunguliwa mara nne kwa mwaka, hapa ulifunguliwa mara mbili kwa siku: kwanza kwa ncha ya kisu, baadaye kwa ukucha wa mkewe Martina, na mwisho kwa jino. Siku jino lilipong'oka, ulimi wa plastiki nao ulikatika. Antipasi alivitema vyote viwili kiganjani, akavitazama.

"Angalau umefunguka," alisema.

Tangu siku hiyo mfuniko ulifungwa kwa kamba ya gome. Haikuwa kazi ndogo. Betri ya tatu ikikaa sawa, ya kwanza inachungulia; fundo moja likikazwa, jingine linalegea. Mpaka fundo la mwisho likamate, somo limefika nusu. Wanafunzi wa Amkeni wakawa wasomi wa nusu ya pili. Walijua choo kifukiwe lini, hawakujua kichimbwe wapi. Tena walikuwa na kinyongo na mwalimu mpya wa redioni, aliyeanza Julai, kwa sababu mtu yule hakuwa na salamu.

"Anaingia kwenye nyumba ya watu kwa maswali," alilalamika bibi Damari, mwanafunzi aliyewazidi wote umri, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekunjwa na baridi yabisi. "Hata mgeni mwenye njaa husalimu kwanza."

Basi, Alhamisi moja Ndugu Mazengo, afisa wa elimu ya watu wazima, alifika kutoka mjini Singida bila taarifa. Akaikuta redio ya serikali imefungwa kamba kama kuku wa kupelekwa mnadani.

"Nani mtunzaji?"

"Ni mimi, ndugu."

"Ndugu Mtunzaji, hii ni redio au mzigo wa kuni?"

"Ni redio. Kamba ni ya muda tu."

"Muda gani?"

Antipasi hakuzoea kusema uongo. "Tangu Juni."

Ilikuwa Septemba. Afisa alifunga daftari lake. "Nakupa wiki mbili. Nikirudi nikaona kamba, redio inahamia Tushikamane. Wenzenu wale wameniomba mara tatu."

Tushikamane! Kijiji cha jirani, watu waliowashinda Amkeni kwa alizeti mwaka uliopita na ambao hawajaacha kulisema jambo hilo kisimani. Watu walimgeukia Antipasi kama kwamba yeye ndiye kamba.

Gabrieli ndiye aliyecheka. Huyu alikuwa mtani wake, Mnyiramba aliyewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu Sekenke, mwenye elimu ya darasa la nne, na aliyekimezea mate kile cheo tangu siku ya uchaguzi.

"Usihuzunike, mtani," alimwambia. "Wakichukua redio tutakuchagua Mtunza Kamba."

Antipasi alikwenda nyumbani, akakaa, akafikiri. Jaribio lake la kwanza lilikuwa la nta. Nyumbani kulikuwa na bonge la nta ya nyuki. Akaiyeyusha, akapaka ukingo wa mfuniko, akaubandika. Asubuhi ile kulikuwa na baridi na upepo wa Singida unaojulikana. Mfuniko ulishika kama umezaliwa pale. Alipoingiza ukucha ukabanduka bila shida. Akaenda kutandaza betri juani huku anapiga mluzi kupitia pengo la jino.

Alasiri ya Jumanne, darasa zima limekaa, mwalimu wao Leah amesimama na chaki, Antipasi akaingiza betri za moto kutoka jabalini, akabandika mfuniko, akaweka redio mezani kwa heshima. Sauti ikatoka, ingawa somo lilikuwa limeshaanza, maana nta ilitaka kupashwa kwanza. Watu wakapiga makofi. Hazijapita sentensi mbili, nta ikaanza kutiririka juu ya kitambaa cha meza. Mfuniko ukateleza. Betri ya kwanza ikaanguka, tu! Ya pili, tu! Ya tatu na ya nne zikafuatana na kubingirika mpaka miguuni pa Gabrieli.

"Jamani," alisema Gabrieli, akiinua miguu, "redio imejifungua salama. Wanne!"

Hata Mwalimu Leah aligeukia ubao ili asionekane akicheka.

Jaribio la pili lilikuwa la mtego. Antipasi tangu utoto alijua kutega kanga kwa ufito uliokunjwa. Akakata kijiti kibichi, akakikunja juu ya mfuniko, akakizuia kwa kijino kidogo cha mti. Ukigusa kijino, kijiti kinaruka, mfuniko unafunguka wenyewe. Kwa urahisi wa kufungua, hakuna aliyewahi kutengeneza kitu kama kile, na hiyo hasa ndiyo ilikuwa kasoro yake. Alhamisi kukitega kulikula mwanzo wa somo, na katikati yake bibi Damari alivuta ugoro akapiga chafya. Kijino kikachomoka. Mfuniko ukaruka mpaka darini, na betri moja ikampata Gabrieli gotini.

"Redio imenipiga risasi!" Gabrieli alipiga kelele, ameshika goti. "Sekenke tulilipua mwamba kwa baruti, na hata huko tuliambiwa kwanza tukimbie!"

"Samahani, mjukuu wangu," alisema bibi Damari. "Ni pua, si mimi."

Ilibaki wiki moja. Antipasi alipita kwa watu bila kungoja salamu, akikwepa macho yao. Martina alimtazama siku mbili, ya tatu akamtengea ugali wa uwele akamwambia, "Kula, baba. Redio hailali na njaa, wewe unalala." Yeye akala, lakini kama mtu ambaye mawazo yake yako mbali.

Jumamosi akafika Mathayo, kaka yake Martina, kutoka Itigi. Mathayo alikuwa mrina asali, mtu wa kwenye vichaka, na kila alipokuja alikuja na kibuyu. Wakakaa kivulini ukutani, wakalamba asali kwa vidole. Antipasi, ambaye wiki ile hakuona kitu chochote chenye kifuniko bila kukiuliza maswali, akauliza:

"Shemeji, hivi mzinga wako unaufungaje?"

"Kwa kigingi."

"Kwa nini usiufunge kwa kamba?"

Mathayo alimtazama kama anayemtazama mtu asiyewahi kupanda mti. "Shemeji, mimi niko juu. Mkono mmoja umekumbatia tawi. Usoni nyuki. Hapo nifungue fundo kwa mkono gani?"

"Basi, kama ni rahisi hivyo, nyegere hakuibii?"

"Nyegere ana nguvu kuliko mimi, na ana hasira kuliko Martina..."

"Nakusikia," Martina alisema kutoka jikoni.

"...lakini anajua kazi moja tu: kuvuta. Kigingi changu kina bega. Ukivuta, bega linazidi kukamata. Lazima ukibonyeze kwanza, bega lishuke, ndipo kiteleze. Mimi nabonyeza kwa dole gumba nikiwa nimefumba macho. Nyegere tangu azaliwe hajabonyeza kitu."

Antipasi alisahau kidole mdomoni. Kisha akainuka bila kuaga, jambo ambalo kwa shemeji si adabu, akaingia ndani kutafuta pembe ya dume lake la ng'ombe lililokufa mwaka wa ukame.

Pembe ikichemshwa hulainika; hilo kila mchonga vijiko analijua. Akaichemsha katika sufuria ya Martina. Nyumba ikanuka kama zizi linaloungua.

"Leo ni ugali na supu ya pembe?" Martina aliuliza.

"Kesho utajivunia harufu hii."

"Kesho utaninunulia sufuria."

Akakata ulimi mwembamba, akaukwaruza kwa kigae cha chupa, akauchonga bega. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulikuwa mfupi. Ulishika mfuniko kinyonge, kama mgeni aliyepewa kumshika mtoto wa watu. Wa tatu aliuacha unene kidogo kwenye shina na wembamba kwenye ncha, ili upinde bila kuvunjika. Akapasha moto sindano ya kushonea magunia, akatoboa matundu mawili kwenye mgongo wa redio, akaukaza kwa waya. Akasukuma mfuniko.

*Tk.*

Akaitikisa redio, mfuniko ulitulia. Akabonyeza kwa dole gumba, ukateleza kama ulimi mdomoni. Akafunga. *Tk.* Akafungua. Akafunga. Jumatano nzima ilikuwa *tk* nyumbani mwao, mpaka Martina akasema kama haachi, yeye anaondoka na kaka yake kwenda Itigi.

Alhamisi Ndugu Mazengo akarudi. Darasa lilijaa, hata wasiosoma walikuja kuona redio ikiondoka. Afisa aliichukua Kipanga, akaigeuza, hakuona kamba. Akaitikisa. Akaipindua chini juu. Hakuna kilichoanguka.

"Vizuri," alisema. "Sasa inafunguliwaje?" Na kabla ya kujibiwa akaingiza kucha ukingoni, akavuta.

Mfuniko ukatulia. Akavuta kwa nguvu. Akaibana redio magotini akavuta kwa mikono miwili, jasho likamtoka juu ya mdomo. Mathayo, aliyekaa dirishani, alijifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Antipasi alikaza macho sakafuni. Alijua akimtazama shemeji yake, cheo kimekwisha.

"Mmepiga gundi!" alisema afisa, akihema. "Mmeziba mali ya umma! Redio hii inaondoka leo."

Antipasi alisogea mbele. "Ndugu Afisa, naomba dakika moja. Bibi Damari, njoo."

Bibi akaja na mwendo wake, ugoro umo katika kiganja cha kushoto. Hakuuweka chini. Kwa kile kidole gumba cha kulia kilichopinda akagusa pembe, akabonyeza, akatelezesha. Betri nne zikaonekana zimelala sawasawa.

"Bonyeza, mjukuu wangu," alimwambia afisa kwa upole. "Vitu vya serikali havitaki ugomvi."

Darasa likalipuka. Ndugu Mazengo alitazama komeo, akatazama dole gumba lake, akabonyeza mwenyewe. *Tk.* Tena. *Tk.* Watu wakaona uso wake unabadilika, unakuwa uso wa Antipasi wa Jumatano.

Saa kumi ilikuwa inaingia. Antipasi alitoa betri zote, maana zilikuwa mfu za kujaribia komeo tu, akakimbia jabalini kuchukua zile nne zilizokuwa zinaanikwa, akazitia, akafunga, akawasha, yote kabla Mwalimu Leah hajamaliza kufuta ubao. Na kwa mara ya kwanza tangu mwalimu yule mpya aanze, Amkeni walisikia mwanzo wa somo.

"Hamjambo wanafunzi wetu popote mlipo," ilisema sauti. "Na wazee wetu mnaotusikiliza, shikamooni."

Wazee wote, kwa sauti moja nzito, wakaiitikia redio: "Marahaba!"

"Kumbe ana adabu," alisema bibi Damari, akafuta jicho. "Miezi yote hii nimemteta bure."

Somo lilipokwisha, afisa alimwita Antipasi pembeni, lakini Amkeni hakuna pembeni, wote walisogea.

"Redio inabaki," alisema. "Ila umetoboa mali ya wilaya matundu mawili. Faili langu litauliza. Waandikie kiwandani, ueleze ulichofanya na sababu yake, nami nitaandika kwamba wameshaarifiwa. Lori la alizeti linaondoka kesho asubuhi kwenda mjini. Likiondoka bila barua, faili litasema umeharibu, na hapo sina la kukusaidia."

"Niandike mimi, mtani," Gabrieli alidakia. "Wewe umeanza herufi mwaka jana tu. Mimi nina darasa la nne."

"Utaandika kwamba ni lako."

"Nitaandika ni letu. Si tuko kwenye ujamaa?"

"Komeo ni la kijiji," Antipasi alisema. "Mkono ni wangu."

Mwalimu Leah alimwazima kalamu, akampa karatasi za daftari, akaondoka ili asishawishike kusahihisha. Antipasi aliandika mpaka jua likazama, akaamka alfajiri akaendelea. Hakuwahi kumwandikia barua mtu yeyote. Aliharibu karatasi sita. Ya saba ilisema hivi:

*Kwa Ndugu Waunda Redio. Hamjambo. Sisi wazima. Mimi ni Antipasi, Mtunza Redio wa Kijiji cha Ujamaa cha Amkeni. Redio yenu inasema vizuri. Mfuniko wake haufai. Sisemi kwa hasira. Nadhani aliyeutengeneza hajawahi kuanika betri. Nimetoboa matundu mawili nikaweka komeo, na redio haikuumia. Komeo jingine kama hilo nimelitia humu pamoja na mchoro. Msilivute. Bonyezeni kwa dole gumba, kisha telezesheni. Likiwashinda, mwiteni bibi kizee yeyote. Kama mtapenda kutengeneza redio zote namna hii, nawaruhusu. Pembe tunazo.*

Akatia sahihi jina lake lote, akarudi juu akaongeza cheo. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka zamani, kwa hiyo Martina akaleta utomvu wa mgunga, akapaka kwa unyoya wa kuku. Nje dereva wa lori alikuwa ameshapiga honi mara mbili.

"Itafunguka njiani," Gabrieli alisema. Akaichukua, akaiweka juu ya goti lake lisilouma, akaikandamiza kwa viganja vyote viwili, akihesabu taratibu mpaka mia moja, wala hakuruka hata namba moja. Kisha akamrudishia mtani wake. Antipasi akajaribu ukingo kwa ukucha; ulikuwa umeshika. Akatembea mpaka kwenye lori, akamkabidhi dereva bahasha kwa mikono miwili, akangoja mpaka aione imeingia ndani ya mfuko wa shati na kifungo kimefungwa.