Mpiga Tarumbeta wa Ukoo Wetu

Mdogo wangu alitunza mafaili ya ofisi ya ardhi miaka thelathini na moja, na alipostaafu hakuna aliyemwambia mikono yake aiweke wapi. Tunamwita Faili. Mwenyewe anadhani ni heshima.

Siku moja akagundua kwamba kwenye kompyuta za maktaba ya mtaa mtu anaweza kutafuta ukoo wake bure. Jamani, bure! Madaftari ya ubatizo, orodha za abiria wa meli, majina ya askari, mpaka picha za makaburi ya watu ambao hatukuwahi kuwaona hata kwa mbali. Na tamu kuliko zote, tovuti moja ambayo kila mtu anachora mti wa ukoo wake, na kila mpita njia anaruhusiwa kuongeza tawi. Msomi, mzushi, mlevi, wote karibuni. Faili alirudi nyumbani uso unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Shida moja tu: mti wake ulifika kwa babu yetu ukakatika. Sasa wa kuulizwa nani, kama si mimi, dada mkubwa niliyebaki na meno yangu tisa? Akawa anakuja kibandani kwangu kila asubuhi na daftari. Mimi ni fundi cherehani, nina kazi.

"Dada, babu alikuwa na ndugu?"

"Sijui."

"Fikiri kidogo."

"Nimefikiri. Sijui."

"Fikiri tena, Dada. Ukoo mzima unakutegemea."

Siku ya tano nilikuwa nakata kola za sare za shule, na mwalimu mkuu anazitaka Ijumaa. Ukoo mzima ukaja ukasimama mlangoni kuniziba mwanga. Nikasema lolote ili uondoke.

"Alikuwepo kaka mkubwa wa babu. Mpiga tarumbeta jeshini. Alivuka mto na kikosi chake, asionekane tena."

"Alizaliwa mwaka gani?"

Macho yangu yakatua kwenye kile kibati cha cherehani, pale kiwandani walipogonga mwaka. Nikausoma kama ulivyo. Faili akaandika, machozi yanamlengalenga. Mimi, Mungu anisamehe, nikanywa chai yangu kwa raha zote.

Miezi ikapita. Binti yake Faili, muuguzi, akachumbiwa na fundi wa lifti, kijana mpole ambaye hata akikusalimia anatazama juu. Gauni la harusi nilikuwa nalishona mimi. Lilibaki mkono mmoja na wiki tatu, binti akaingia kibandani analia mpaka kamasi.

"Shangazi, baba amevunja harusi."

"Amevunja nini? Kwani ni kikombe?"

"Anasema mimi na mchumba wangu ni ndugu. Tovuti imesema."

Kumbe baba mdogo wa kijana, mwenye duka la dawa, naye alipatwa na ugonjwa ule ule wa bure. Babu yake alikuwa mgeni aliyetokea ng'ambo ya mto, hajulikani kwao, na alikuwa akipiga tarumbeta kwenye gwaride. Mwenye dawa akatafuta, akamkuta mpiga tarumbeta wetu amekaa peke yake hana hata mtoto, akamhurumia, akampa sita. Miti ikaungana. Na kwetu, kama kwao, watu wa damu moja hawaoani, hata damu hiyo iwe imetoka mbali kiasi gani.

Mkasi ulinilemea mkononi. Yule mtoto nimemlea mgongoni, na sasa nilikuwa nimemnyima mume kwa sababu ya kola.

Nikaenda kwa Faili moja kwa moja. Nilimkuta sebuleni, mti wa ukoo umebandikwa ukutani kutoka dirishani hadi kwenye friji.

"Mdogo wangu, yule mpiga tarumbeta hakuwepo. Nilimtunga."

Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiye na ndugu wa kumpelekea habari.

"Dada, umri huo. Unaanza kusahau."

"Sijasahau. Nilidanganya! Mwaka wa kuzaliwa nimeutoa kwenye cherehani, njoo ukasome!"

"Sadfa," akasema. "Dada, yupo kwenye miti mitatu. Wangu, wa mwenye dawa, na wa binamu yetu aliye ng'ambo. Yote inakubaliana mpaka mwaka. Watu watatu waliofanya utafiti watakosea, wewe upatie?"

"Wameuchota kwako, nawe umeuchota kwangu!"

"Basi chanzo ni kizuri," akasema, akanipapasa bega. "Pole. Nenda kapumzike."

Nimezeeka nikidhani uongo ndio mgumu kuaminika.

Asubuhi yake nikamshika binti mkono, tukawa wa kwanza mlangoni pa maktaba. Mhudumu akafunua kompyuta iliyofunikwa kitambaa kama maiti, akatufungulia akaunti. Nikauliza, "Na mimi mwenye darasa la saba naruhusiwa kusahihisha?"

"Mtu yeyote, bibi. Ni bure."

Tukamfungua mpiga tarumbeta. Binti akataka kumfuta.

"Ukimfuta watamrudisha," nikamwambia. "Muue."

"Shangazi!"

"Muue akiwa na miaka minne. Andika surua."

Akaandika. Kompyuta ikauliza chanzo cha habari. Tukajaza: dada mkubwa wa familia. Ndicho chanzo kile kile cha mwanzo, na ikashukuru kwa adabu. Papo hapo ile mistari ya wale watoto sita ikageuka myekundu, na maandishi yakatokea: hitilafu, baba alifariki akiwa mtoto. Sijapata kuona mashine yenye akili hivyo.

Kabla sijamaliza kushona pindo, Faili akaja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

"Dada! Alikufa mdogo!"

"Nani tena?"

"Mpiga tarumbeta! Ana miaka minne! Tovuti yenyewe imenitumia onyo. Nyekundu!"

"Usiniambie," nikasema. "Na wale watoto sita?"

"Si wake! Mwenye dawa amekosea, hakuhakiki vyanzo." Akaketi juu ya kitambaa cha watu. "Watu wanabandika bandika tu, Dada. Hawana uchungu na ukweli."

"Na jeshini alifikaje, mtoto wa miaka minne?"

Akafikiri. "Labda baba yake alikuwa mwanajeshi. Tarumbeta ilikuwa ya kuchezea."

"Itakuwa hivyo," nikasema. "Kwa hiyo harusi?"

"Harusi ipo! Kwani nani aliizuia?"

Harusi ikawepo. Gauni lilimkaa binti kama alizaliwa nalo, na fundi wa lifti kwa mara ya kwanza akatazama chini, alipo mkewe. Mwenye dawa alikaa pembeni amenuna, amebaki hana babu wa kumweka popote. Ulipofika wakati wa baba wa bibi harusi kusema neno, Faili akavaa miwani, akakohoa, akawaomba wageni wote wasimame kimya dakika moja kwa ajili ya marehemu mdogo wa ukoo, aliyeondoka na kipaji chake.

Ukumbi mzima ukasimama. Bibi harusi akanifinya paja mpaka leo nina alama. Mimi nilikuwa wa kwanza kusimama, leso machoni, na niliyekuwa na haki ya kulia ni mimi. Hakuna mwingine pale aliyewahi kumzaa mtu na kumzika kwa sentensi mbili.