Gurudumu la Brielle

Jamani, kuchoka kupo, halafu kuna kuchoka kwa Brielle Oquendo. Tangu Juni yuko fildi, mafunzo ya kazi, kwenye karakana moja huko Florida, anatengeneza gurudumu la kigari cha Mwezini na kulijaribu kwenye kasha la udongo bandia wa Mwezi. Udongo wenyewe ni mawe ya volkano yaliyosagwa mpaka yakawa kama saruji, unaingia hadi kwenye kope. Barakoa imemchora mashavu, utadhani kalalia mkeka.

Na kila jaribio likiisha, chukua uma wa bustani, chimbua udongo mpaka chini, ulegee, ndiyo usawazishe. Usipochimbua, gurudumu linapita palipokwisha kushindiliwa, raha mustarehe kama kwenye lami.

Gurudumu lake lilikuwa linazama tu. Na leo bosi, Wendell Stroud, anaamua gurudumu la nani liingie kwenye tangi lisilo na hewa kwa jaribio kubwa: la Brielle au la kundi la ghorofani. Akikosa, gurudumu linaishia kabatini.

"Dada, kakae," akasema Corwin, mwenzake wa fildi, kijana asiyejua kunyamaza. "Udongo naandaa mimi. Ukidondokea humo tutaanza kukuchimbua na wewe."

Brielle akakaa juu ya ndoo, usingizi ukampitia. Kushtuka, kasha limesawazishwa kama shuka iliyopigwa pasi, na Wendell kashafika na kahawa yake. Mota ikawashwa. Gurudumu likaenda, likaenda, mpaka mwisho!

"Heee!" Corwin akaruka.

"Mbona leo lina adabu?" Wendell akacheka. "Haya Oquendo, tangi lako." Akaanza kupanda ngazi.

Brielle alitaka kushangilia, uchovu ukamzidi. Akauchomeka uma kwenye udongo auegemee. Ukaingia kidogo tu, ukakwama.

"Corwin. Ulichimbua?"

"Nilisawazisha."

"Nimekuuliza, ulichimbua?"

"Ah, mgongo, bwana! Si limepita lakini? Nyamaza tukale."

Na kula alitaka, wallahi. Kulala alitaka zaidi. Lakini gurudumu alilijenga ajue kama linaweza, na mpaka hapo alikuwa hajui kitu.

"Bosi! Rudi kwanza. Udongo haukuchimbuliwa. Hilo halihesabiki."

Wendell akasimama katikati ya ngazi. "Una hakika? Maana nilikuwa nakwenda kuwaambia wale wa ghorofani."

"Ninayo."

"Basi chimbueni. Nasubiri."

Wakachimba wote wawili, vumbi likatanda, Corwin akishika mgongo. Mota ikawashwa tena. Gurudumu likafika katikati, likaanza kujizungukia palepale, likajifukia lenyewe mpaka kwenye ekseli.

Wendell akainama, akayapapasa meno ya kung'atia udongo. "Meno yake mafupi. Ungekuwa na mwezi mwingine mmoja..." Akapanda kwenda kuwapa wa ghorofani tangi lao.

"Oquendo, nisamehe bwana," Corwin akasema.

"Shika upande ule."

Wakalinyanyua, udongo ukimwagika kwenye viatu. Brielle akalibeba mwenyewe mpaka kabatini, akalibandika utepe na kuandika: *Meno mafupi. Linazama.* Akalisukuma kati ya mengine yaliyoshindwa, akafunga mlango, akateleza chini mgongo ukiwa umeegemea kabati. Barakoa bado iko usoni. Hata nguvu za kuivua hakuwa nazo.