Visahani vya Kurusha

Mtoto wa Kisukuma ukimpa kitu arushe, atakirusha kama anafukuza ng'ombe walioingia shamba la watu: mkono juu, nguvu zote, na katusi kadogo. Ndivyo wanafunzi wangu walivyoanza. Mimi Felisita, mwalimu wa michezo hapa Somanda, nilimeza vumbi muhula mzima nikipiga kelele, "Jamani, hili si jiwe! Ni kisahani!"

Mchezo wenyewe ni gofu ya visahani. Unarusha kisahani cha plastiki mpaka kitue kwenye kapu lenye minyororo. Kapu letu lilikuwa tenga bovu tulilofunga minyororo ya baiskeli. Visahani vyetu vilikuwa vifuniko vya ndoo, maana vya kweli tulikuwa tunaahidiwa tu.

"Simama ubavu," nilikuwa nawaambia. "Gumba juu, vidole chini. Vuta usawa wa kifua, kama unavuta kamba ya kuwasha pampu ya maji. Halafu achia!"

Wavulana walivuta mpaka mabega yakauma. Aliyejua kuachia ni Nyamizi wa kidato cha pili. Kifuniko kikitoka mkononi mwake, kilikwenda kimelala, kimya, mpaka ndani ya tenga. Na alikuwa na sababu ya kujituma. Shule moja ya bweni ya Mwanza ilikuwa inatafuta mtoto mmoja tu wa mchezo huo kutoka Simiyu yote, wamsomeshe bure. Baba yake, mzee Masele, alishasema: akikosa nafasi hiyo, vitabu vifungwe, pamba inamsubiri.

Visahani vya kweli vilifika nikiwa msibani Maswa. Niliporudi, mkuu wetu, Mwalimu Ngassa, akaniambia amevifungia mpaka siku ya mgeni wa Mwanza, visije vikachakaa. Nikaomba walau kimoja, mtoto akizoee.

"Haraka haraka haina baraka, Madam."

Kubishana na yule ni kumpigia mbuzi gitaa.

Siku ikafika. Mgeni, Bwana Josia kutoka hiyo shule ya Mwanza, alitusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" watoto wakafurahi. Mkuu akaleta visahani vitatu vya rangi ya chungwa. Nikakishika kimoja, nikakinusa. Bizari! Nikakilaza mezani, kikachezacheza. Kilikuwa kimepinda kama chapati iliyosahaulika juani.

"Mkuu, hivi vimepinda. Vilikuwa wapi?"

"Madam, usituaibishe mbele ya mgeni."

Nyamizi akasimama ubavu. Gumba juu, vidole chini. Alivuta vizuri kuliko siku zote, akaachia. Kisahani kikayumba, kikakata kushoto, kikagonga ukuta wa choo. Cha pili vilevile. Cha tatu kilianguka miguuni kwa mkuu, na wanafunzi wakaangua kicheko. Mtoto akabaki anautazama mkono wake.

"Mwache arushe kifuniko cha ndoo uone!" nikamwambia Bwana Josia.

"Kwetu haturushi vifuniko vya ndoo, Madam."

Mkuu akadakia, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!" Wakacheka wote wawili. Bwana Josia akapiga simu palepale, akataja jina la mtoto wa shule nyingine aliyemwona asubuhi.

Tukaitwa kula. Nyamizi alikuwa amepangiwa kunawisha wageni, basi akasimama na jagi lake, macho mekundu. Mpishi akaleta pilau linafuka moshi, kila mtu na sahani yake ya rangi ya chungwa, ukingo mnene. Bwana Josia akainua ya kwake, akachungulia chini yake.

"Hee! Hivi si ndivyo..."

"Imara sana hizo," mkuu akajisifu. "Siku ya mahafali sahani zilipungua, nikasema, na hizi za Madam si sahani? Ukizipitisha maji ya moto zinatakata kabisa."

Mgeni akacheka mpaka akapaliwa. "Wabunifu kweli ninyi!"

"Basi piga simu tena," nikasema. Sauti ilinitoka kwa ukali. "Umeona mwenyewe kilichomwangusha huyu mtoto. Piga!"

Akaacha kucheka. Aliutazama wali wake.

"Jina lishakwenda, Madam." Akaendelea kula.

Nyamizi akanisogelea na jagi lake. "Madam, kwa hiyo mkono wangu ulikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa, mwanangu. Sawa kabisa."

Akaitikia kwa kichwa. Mkuu alikuwa ameshamaliza pilau, ananyoosha mikono yenye mafuta. Nyamizi akamwendea, akapiga goti, akamnawisha.