Citerne Yenye Tulizika

Sisi Banande, kungojea kunatushindaka. Hiyo ndiyo kosa yetu, na miye Kahongya, présidente wa comité ya maji hapa Vuhovi, nilikuwa wa kwanza.

Ile vita ilikuwa imekwisha kutuchosha. Kule chini kwenye source, chemchemi yenye tunachotaka maji, basoda balijenga kambi. Siku moja binti yangu Rébecca alirudi bila bidon ya maji, kitambaa ya kichwa hakuna, na mpaka leo hajasema neno juu ya ile siku. Na bado alishuka kila asubuhi, sababu mugongo yangu ilikufa. Donc nilitaka citerne, tangi ya majiwe, huku juu, ikusanye maji ya mvua kutoka mabati ya kanisa, mutoto wangu asishuke tena. Sikutaka kingine.

Tuliandikia bureau ya maji kule Beni. Balijibu: dosié, ile makaratasi yenu, ni muzuri, serikali itatoa simenti na matiyo ya kupitisha maji, mungojee ingénieur. Tungojee nini? Tulipiga salongo, kazi ya wote bila malipo, tukachimba shimo. Banamuke tulibeba majiwe, muzee Kamate, fundi wetu, akajenga ukuta mpaka kifuani. Tulisema ingénieur akifika atafurahi.

Ingénieur Léon alifika kwa miguu, mutu wa Kisangani, mupole. Alizunguka ukuta mara mbili, akakaa juu ya jiwe.

— Mama Kahongya, kumbe mulianza.

— Tulianza, ndiyo. Ni kusaidia serikali.

— Mais règlement, sheria ya bureau, inasema kazi isianze kabla ya signature. Kazi yenye imeanza hatuitoleake kitu.

Aliangalia viatu vyake.

— Muvunje. Mufunike shimo. Nitarudi kisha mwezi moja, nipige picha ya kiwanja tupu, na nitatia signature siku ile ile.

Ningemukasirikia, mais yeye pia alikuwa na miezi kenda bila mushahara.

Tulivunja. Muzee Kamate alikataa nyundo, alitoa jiwe moja moja kwa mikono yake. Nililia mbele ya batu na sikuona haya. Rébecca alibeba udongo pamoja nasi.

Mwezi uliisha, na wa pili. Wakubwa wa Beni balipigana wao kwa wao, bureau ikapata mukubwa mupya na règlement mupya. Ingénieur mwingine ndiye alikuja, hata jina la Léon hakulijua. Alisimama katikati ya kiwanja.

— Siku hizi tunasaidia tu wenye balikwisha kuanza kazi benyewe, mama. Unionyeshe kazi yenu. Hata ukuta wa kufika magoti unatosha.

Nilimuonyesha majani. Yalikuwa yameota vizuri.

Alifunga dosié, akaenda. Nyumbani nilikuta Rébecca amekwisha kufunga kitambaa, bidon mukononi. Nilimunyanganya.

— Mugongo yako, mama.

— Miye niko muzee, basoda hawataniangalia hata.

Alijua ni uongo, na miye nilijua. Alinisindikiza mpaka pale tulizika citerne, akasimama pale, akaniangalia nikishuka.