Kiroba Chenye Msalaba

"Nimesimama chini ya migomba yangu mwenyewe," alisema Mzee Tharsisi, simu ya Esteri mkononi, "na hii ramani inasema niko uani kwa Mama Gentille. Mke wangu akisikia?"

"Asikie tu," Niyubahwe, ndiye Mama Gentille, alimjibu kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa. "Kwa magoti hayo, atajua umesingiziwa."

Aliyechora ramani, Esteri mwenyewe, alisimama kati yao, kompyuta mikononi kama sinia. Esteri alikuwa fundi cherehani wa Busunzu, na kibaraza chake kilikuwa redio ya kijiji: nani kaposa, nani kakataliwa, vyote vilipita pale kabla ya kufika kanisani. Tangu mvua ziishe alikuwa akienda Kibondo kujifunza kutengeneza ramani kwa picha za droni. Hii ndiyo ilikuwa ya kwanza, na mwalimu wake, Reverien, aliweka sharti moja: wenyeji waitazame, waseme hapa ni kwetu. Wakikubali, Esteri anaingia awamu ya pili ya mafunzo, Kasulu. Wakikataa, arudi kwenye zipu na vifungo. Na Reverien alikuwa njiani kuja kuwasikiliza.

Somo la picha lilimwingia Esteri mapema. Droni hupiga picha nyingi zinazopandiana, ili paa moja lionekane katika picha kadhaa, kila moja kwa upande wake. Hapo ndipo kompyuta hujua paa liko wapi na lina kimo gani. Wenzake walikuna vichwa, yeye akacheka. Kwani umbea unapimwaje? Habari ya mdomo mmoja ni harufu tu. Ukiipata kwa watu waliokuwa wamesimama milango tofauti, unajua hata kiti alichokalia mhusika.

Ila picha peke yake hazijui zimepigwa Busunzu au Munanila. Ndiyo maana alitandaza viroba vyeupe vyenye msalaba mweusi, akapima kwa kifaa cha setilaiti mahali kilipo kila kimoja, akaenda kunywa maji, akarudi kurusha droni. Sasa viroba vyote vilipatana isipokuwa kile cha kando ya migomba. Hicho kilivuta kwake, ramani nzima ikapinda upande ule. Angeweza kukitoa kwenye hesabu, lakini Reverien alishawaonya kwamba shahidi hafukuzwi barazani bila sababu.

Esteri akafanya analolijua. Alifunika kompyuta, akamuuliza Niyubahwe habari za kwaya, za Gentille aliyeolewa Gwarama, akazunguka weee, mpaka akatua kwenye muhogo.

"Ule wa siku ya droni ulikauka, dada? Maana kulikuwa na mawingu."

"Ulikauka kau. Kiroba chako kizuri, hakipitishi unyevu."

Mzee Tharsisi aliacha kutafuna kijiti.

Niyubahwe alijishika mdomo, kisha akaona bora amalize. Alikikuta kimelala chini wakati Esteri amekwenda kunywa maji, na kwao kitu cha jirani hakiachwi kikanyagwe na mbuzi. Akakiokota, akakihifadhi uani kwake mahali palipo wazi, na kwa kuwa kilikuwa kitupu, akaanika muhogo juu yake. Huo msalaba alidhani ni wa kuwatisha wezi.

Esteri alifungua picha upya. Kumbe kiroba kilikuwa ng'ambo ya minyaa, mkono mmoja wa msalaba umefunikwa na muhogo, na yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza katikati yake kwenye picha, kuionyesha kompyuta kilipo, bila kujiuliza kimevukaje ua. Basi akakitoa, akaiacha kompyuta ipige hesabu kwa viroba vilivyobaki. Walipokuwa wakingoja, Mzee alitangaza kwamba ameshaona watu wakiporwa shamba kwa panga, lakini kwa muhogo, hii ndiyo mara ya kwanza.

Ramani ilipokamilika, Mzee alirudi na simu chini ya migomba. Akasogea hatua kwa hatua hadi kisimani, macho kwenye kioo.

"Ego, ndiyo," alisema. "Hapa ni kwetu."

Niyubahwe alichelewa kidogo, maana alikuwa akiutafuta muhogo wake. Alipouona, mweupe pembeni mwa paa, akauliza kama Kasulu nao watauona. Esteri akamwambia watauona. Basi na yeye akakubali.

Pikipiki ya Reverien ilisikika ikipanda kilima. Esteri alijipangusa jasho kwa upindo wa kitenge, akicheka peke yake. Niyubahwe akafungua upenyo wa ua.

"Mzee, mbona unaning'inia kwenye minyaa? Umeshasemwa uko kwangu, basi ingia kweli. Mwite na mkeo. Maharage yana mawese, na ugali ni wa muhogo uleule."